Ubao Uliokula Chumvi Nyingi

Mwaka 2012, siku ya tatu tangu nirudi Kilindoni, kisiwani Mafia, niliikuta mashua ya baba ikichomwa moto.

Haikuwa ajali wala uadui. Chombo kikichoka kisipate mnunuzi, huvutwa juu pwani mahali ambapo hata maji ya bamvua hayafiki. Hukaa hapo misimu miwili mitatu, mbao zikaachana, mwishowe mwenye chombo hukitia moto ili apate misumari. Misumari ya chombo ni mali: hunyooshwa ikatumika tena, au huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kinacholiwa na moto ni mbao. Baba alikuwa ameiuza mashua ile miaka minne kabla ya kufa kwake, kwa hiyo sikuwa na la kudai. Nilimwamkia mwenye nayo, nikamwomba ubao mmoja wa upande wa tezi ambao moto ulikuwa haujaufikia.

"Wa kuni, mwanangu?"

"Wa kuchorea, baba."

Alinitazama kidogo, kisha akawaita vijana wake. Wakanivutia mbao saba. Nilipotoa hela akaukunja mkono wangu akanirudishia.

Mimi ni mchoraji, na kazi zangu karibu zote zimechorwa juu ya vitu vilivyokwisha kutumiwa na watu wengine: mbao za vyombo, masinia ya shughuli, viti vya mbuzi ya nazi, vibatari, ndala zilizoletwa na kusi. Anayeingia uani kwangu, awe mwenzetu wa kisiwani au mgeni kutoka Dar es Salaam, huuliza kwa nini sichori juu ya kanvasi kama wachoraji wengine. Wapo wanaodhani ni ufukara. Wapo wanaodhani ni kampeni ya usafi wa mazingira, wakanipongeza kwa hilo. Nashukuru, lakini sivyo. Nataka nieleze kwa utulivu, maana jambo hili naliona kubwa kuliko mimi.

Niliondoka Mafia mwaka 2006 nikiwa na miaka 19, nikaenda kujifunza kuchora Dar es Salaam kwa mafundi wanaofuata mtindo wa Tingatinga. Kisiwani kwetu hakuna tembo, hakuna twiga, hakuna simba. Mnyama mkubwa tuliye naye ni kiboko, tena wachache, na wazee husema walivushwa na maji ya Rufiji yalipofurika. Lakini kwa miaka sita nilichora tembo, twiga na simba, kwa sababu ndio walionunuliwa. Mkono ulifundishwa vizuri na siwakani walionifundisha: jinsi ya kutandaza rangi ya chini, jinsi ya kulifanya umbo lisimame bila kivuli, jinsi ya kutia nukta moja baada ya nyingine bila kutetemeka. Hata hivyo, nilipoitazama picha iliyokauka sikujiona ndani yake. Tembo mwenyewe sijamwona kwa macho hadi leo.

Nilipokuwa kule nilijifunza jambo moja kuhusu Edward Saidi Tingatinga ambalo watu hulipita upesi. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam, akalima bustani za watu. Alianza kuchora mwaka 1968. Hakuwa na duka la vifaa vya sanaa, wala hakulingojea. Alichukua vipande vya ubao mgumu unaotengenezewa dari, akachukua rangi inayopakwa baiskeli, ile inayong'aa na kukauka haraka, akaanza. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliodhani ni mhalifu anayekimbia. Miaka minne tu, na mtindo mzima umebeba jina lake. Chama cha ushirika cha wachoraji wake kiliundwa mwaka 1990 na bado kazi inaendelea. Watu wanakumbuka wanyama wake. Mimi nakumbuka ubao wake. Ulikuwa wa nyumba, na rangi ilikuwa ya baiskeli. Yaani sanaa ile ilitoka katika vitu vya mtu wa kawaida wa Dar es Salaam ya siku zile. Sisi tuliomfuata tukashika chui na tausi wake, tukauacha ujasiri wake wa kutazama kilicho karibu na mkono.

Kilicho karibu na mkono wangu ni bahari na vyote vinavyopita juu yake.

Tatu za kwanza kati ya zile mbao saba nilizifanyia haraka. Nilisugua, nikapaka, nikafurahi, na mwezi haukuisha rangi ikaanza kutoka magamba. Nikachukua chombo hadi Jibondo, kisiwa ambacho watu wake wanajulikana kwa kuunda majahazi kwa macho na mkono, bila ramani ya karatasi. Fundi mmoja mzee alikuwa amekaa chini ya kivuli cha chombo kipya akikalafati, anasukumia pamba katika nyufa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na ubao badala ya samaki?"

Akauchukua, akaunusa, akaulamba kwenye ncha. "Ubao huu umekula chumvi nyingi," akasema. "Umemheshimu?"

Kwetu mtu aliyekula chumvi nyingi ni mzee, aliyeona mambo. Nilidhani ananifumbia. Kumbe alikuwa anasema vyote viwili kwa pamoja, na hilo la pili lilikuwa la ufundi hasa. Chumvi iliyozama ndani ya ubao huvuta unyevu wa hewa, zaidi wakati wa masika. Unyevu hutafuta pa kutokea, ukaisukuma rangi kutoka ndani. Tena kuna mafuta. Vyombo vyetu hupakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, na sehemu inayokaa majini hupakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa. Rangi ya dukani haishiki juu ya sifa. Babu akanielekeza: usugue kwa majivu na sabuni ya mche, uulaze ndani ya maji baridi ya kisima, uyabadilishe kila baada ya siku mbili, na ukichovya ulimi usipate chumvi ndipo uutoe. Kisha uukaushe kivulini, polepole. "Ukiuanika juani utapasuka kwa hasira."

Hivyo ndivyo nifanyavyo mpaka sasa. Ubao mmoja hunichukua wiki tano au sita kabla haujaona brashi. Na katika wiki hizo ndipo kazi yenyewe hufanyika. Kila siku mbili namwaga maji, naugeuza, napitisha kiganja. Najua msumari ulikaa wapi kwa sababu kutu imeacha duara la hudhurungi. Najua upande uliokuwa ndani, maana ni mweusi kwa moshi wa jiko la mabaharia. Najua kamba ilipita wapi, kwa sababu imechimba mfereji laini. Kanvasi mpya hainiambii lolote. Nikiwa mbele yake lazima niyatoe yote kichwani, na kichwani nina tembo wa miaka sita.

Ubao wa nne ndio ulionibadilisha.

Baba alikuwa nahodha. Alipakia nazi na samaki wakavu kutoka Kilindoni, akashusha Dar es Salaam, akarudi na unga, mafuta ya taa na mabati. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisoma chuoni kwa mwalimu wa Qur'ani, shule ya serikali hakuingia, na sijawahi kupata barua yake hata moja. Picha yake tuliyokuwa nayo iliingia maji ikafutika. Tangu alipofariki nilikuwa nimejaribu kumchora mara nyingi, na kila mara nilipata sura ya mwanamume yeyote mwenye kofia.

Nilipougeuza ubao wa nne baada ya kuosha ule weusi, nikakuta chale. Chale za kisu, fupi, zimesimama sambamba, na kila baada ya kumi kuna moja ya kukingama. Nilizihesabu zikawa 43. Nikaenda nazo kwa mzee aliyekuwa baharia wake. Akazipapasa kwa kidole gumba na hakusema kitu kwa muda. Halafu akanieleza: nazi zilipopakiwa, mpakizi alihesabu kwa sauti, na kila mia ilipotimia nahodha alikata chale moja ubavuni. Wengine waliweka mawe mfukoni, wengine waliandika. Baba yangu alikata. Nazi 4,300 za safari fulani, zimebaki pale baada ya nazi zenyewe kuliwa na baba mwenyewe kuzikwa.

Ni mwandiko wake. Sina mwingine.

Mbao tatu za kwanza nilikuwa nimezipaka samawati kutoka ncha hadi ncha, kwa rangi nzito ya mafuta, pande zote mbili. Nilirudi nikazikwangua kwa kipande cha kioo, usiku na mchana, na chini yake nikapata mti mtupu uliosuguliwa na msasa wangu mwenyewe. Kama palikuwa na chale nyingine, nilizifuta mimi. Nimeishi na jambo hilo tangu siku hiyo na ndilo linaloongoza mkono wangu: kabla sijapaka, nauliza ninafunika nini.

Juu ya ubao wa nne nilichora kidogo sana. Chini kabisa kuna mstari wa maji. Juu ya mstari, mgongo wa mtu aliyekaa, kofia imeinama upande wa kushoto kama alivyozoea, na sura haionekani. Mahali pengine pote nimepaacha mti, na zile chale zinamnyeshea kama mvua. Mama yangu alipouona ubao ule ulioegemezwa ukutani alisema, "Anasubiri upepo," akaenda jikoni. Sikuhitaji mtu mwingine kuniambia kwamba ni yeye. Kwa miaka sita Dar es Salaam nilikuwa najaribu kusema kitu kwa rangi; nikaja kukisema mahali nilipoizuia rangi.

Baada ya hapo macho yalifunguka. Mbuzi ya nazi ya bibi yangu, kwa mfano. Kiti chake kimelika upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa kuwa miaka yake ya mwisho nyonga ilimuuma, akawa anakaa akiegemea. Sikukichora juu, nimekichora chini tu, uvunguni, machicha meupe yanayodondoka gizani. Nilipokiweka sebuleni niliona jambo ambalo kwa picha ya tembo sikuliona hata siku moja. Wanawake wa makamo wanaingia, wanakiona, wanakikalia bila kuuliza, kisha wanaanza kusimulia habari za mama zao.

Masinia nayo yana siri yake. Wanawake wa pwani tunapopeleka vyombo kwenye shughuli, harusi au hitma, tunavitia alama chini kwa rangi ya kucha au rangi ya mlango, visije vikachanganyika: herufi mbili, ua, msalaba wa mistari. Sinia likitoboka hutupwa, au hugeuzwa la kuanikia dagaa. Mimi huyanunua yakiwa katika hali hiyo, kwa shilingi 2,000 au 3,000, na sharti langu ni moja: mwenyewe anihadithie. Lilikwenda kwenye harusi ya nani? Lilibeba pilau au biriani? Alama hii ya waridi ni ya nani, mbona na hii ya kijani iko pembeni yake? Mara nyingine jibu ni kwamba sinia lilikuwa la mama mkwe, na bi harusi aliyeingia nyumbani akaweka alama yake kando bila kufuta ya kwanza. Huko nyuma ya sinia, kuzunguka alama hizo, ndiko ninakochora. Alama hubaki zilipo.

Kuna mipaka, na ningependa vijana wanaotaka kuifuata kazi hii waijue. Nikivuka kutoka kijiji cha Utende kwenda kisiwa cha Juani, magofu ya Kua yapo pale chini ya mibuyu, mji ulioshambuliwa na Wasakalava wa Bukini, yaani Madagaska, mwanzoni mwa karne ya 19, na chini miguuni unaona vigae na vipande vya kauri. Sivigusi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863, lakini hata pasipo sheria, kigae kikiondoka pale kilipolala kinakuwa bubu, hakimwambii tena mtafiti lolote. Vivyo hivyo makombe na matumbawe. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza nchini, ilianzishwa mwaka 1995, na mali ya hifadhi si ya mchoraji. Nachukua kilichotumika na kuachwa, na ninachukua kwa kuomba.

Wapo wanaosema hii si sanaa ya kwetu, ni mtindo wa wageni. Hapo sikubaliani hata kidogo. Nendeni Kunduchi mkayatazame makaburi ya karne ya 18. Nendeni Mambrui kule Kenya mkauone mnara wa kaburi. Wazee wetu walichukua sahani na bakuli za China, vyombo vya kulia vilivyofika kwa biashara, wakavipachika ndani ya chokaa juu ya makaburi na kwenye kuta za misikiti. Pengine chombo kimeng'olewa na limebaki tundu lake la duara. Hawakulazimika kufinyanga bakuli ili bakuli liseme jambo lao. Walichagua pa kuliweka, na mahali hapo pakaligeuza kuwa heshima kwa marehemu. Kila nikibandika kitu juu ya ubao nawakumbuka mafundi wale.

Na leo hii hatuko peke yetu. Cyrus Kabiru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, anaunda miwani ya ajabu kwa nyaya, vijiko na vipande vya bati vilivyotupwa. Amewahi kueleza kwamba utotoni alitamani miwani, na baba yake akamwambia atengeneze yake. Kule Lamu, mwaka 2018, fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, chombo cha mita 9 kilichoundwa kwa tani 10 za plastiki iliyookotwa na kuvikwa ndala 30,000, na Januari 2019 kikaanza safari ya karibu kilomita 500 hadi Zanzibar. Niliposikia habari hizo niliacha kuzitazama ndala za pwani ya mashariki kama takataka. Ninazo magunia matatu. Nyekundu ya ndala iliyopigwa jua na chumvi haipatikani kwenye kopo lolote la rangi. Ni nyekundu iliyochoka, karibu na rangi ya ufizi, na nimeitumia kwa machweo ya Ras Kisimani bila kuongeza tone.

Kuna jambo linanisikitisha na nitalisema wazi. Siku hizi baadhi ya wachoraji wananunua mbao mpya, wanazipiga kwa minyororo, wanazimwagia asidi na kuziita mbao za majahazi. Duka moja la sanaa, ambalo sitalitaja, liliwahi kunitaka nifanye hivyo ili niongeze idadi, na zile mbao za kweli nizipake vanishi zing'ae. Nilikataa na tukaachana. Kovu la kutengenezwa ni uongo juu ya maisha ya mtu ambaye hakuwapo. Afadhali kanvasi safi yenye tembo mwaminifu.

Anayetaka kuanza hahitaji bahari. Mwenge, Dar es Salaam, kuna milango iliyong'olewa, Morogoro kuna majembe yaliyolika, Mwanza kuna makasia, na kila nyumba ina cherehani ya mama au redio ya babu iliyonyamaza. Usikimbilie rangi. Kaa na kitu hicho wiki nzima, kioshe, uliza nani alikishika na mkono gani, kisha tafuta ni sehemu gani usiyotaka kuifunika. Anzia hapo.

Katika mbao zile saba, sita nimezimaliza. Mbili zimenunuliwa, moja iko kwa kaka yangu Tanga, mbili naziweka kwa maonyesho, na ule wa nne hauuzwi. Wa saba bado uko uani, umelala juu ya mawe mawili, mkavu, hauna chumvi tena. Upande wake wa ndani hauna chale hata moja. Nimeupapasa kila pembe na bado sijajua wa kumchora.

Kwa ndugu zangu wenye vyombo, wa Jibondo, Chole, Bwejuu na hapa Kilindoni, nina ombi moja. Chombo chako kikichoka, kabla hujawasha moto, ingia ndani na upitishe kiganja kwenye ubavu wake, kutoka omo hadi tezi. Ukigusa chale, ujue kuna mtu alihesabu pale. Nitumie mtoto aje kuniita, hata usiku, nami nitaubeba ubao huo mwenyewe. Misumari yote itabaki kwako.